Mbio Mbili za Terminali

Kuna jaribio moja ambalo wapenzi wa kompyuta hulifanya kila wanapopata programu mpya ya terminali. Wanachukua faili kubwa la maandishi, la megabaiti mia au zaidi, wanalimwaga lote kwenye skrini kwa amri ya cat, kisha wanatazama saa. Mistari inapita kwa kasi ambayo hakuna jicho linaloweza kudaka hata neno moja, na terminali inayomaliza kwanza ndiyo inayovishwa taji. Jaribio hili linapendwa kwa sababu linatoa namba moja safi. Ubaya wake ni kwamba linapima kazi ambayo mtu haifanyi. Anayefungua terminali huandika amri, huona herufi zikitokea vidole vinapogusa kibodi, husoma mistari ishirini ya majibu, kisha huandika tena.

Kwa hiyo anayeuliza terminali ipi ina kasi zaidi ameuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza ni kasi ya kumimina: maandishi mengi kiasi gani yanaweza kupita kwa sekunde? La pili ni kasi ya kuitika: kitufe kikibonyezwa, herufi inachukua muda gani kuonekana? Mbio hizi mbili hazina mshindi mmoja, na mara nyingine bingwa wa ile ya kwanza huburuta mkia katika ya pili. Na zote mbili hupita kwenye mlango uleule mwembamba, yaani kazi ya kuchora herufi.

Terminali ya leo ni programu inayojifanya mashine ambayo haipo tena. Mwaka 1963 ilitoka Teletype Model 33, mashine ya kuchapa iliyopiga herufi 10 kwa sekunde juu ya karatasi. Jina lake la mkato, tty, bado limo ndani ya Linux na macOS hadi leo. Mwaka 1978 kampuni ya DEC ya Marekani ikatoa VT100, yenye kioo cha safu 80 na mistari 24, na hiyo ndiyo mashine ambayo karibu kila terminali ya sasa inaiga. Amri iliyoifutia VT100 kioo chake, ambayo ni alama ya ESC ikifuatwa na [2J, ukiituma leo kwenye terminali iliyoandikwa mwaka jana, itafuta kioo bila kuuliza swali.

Hesabu za VT100 zinafurahisha. Waya wake ulipokea hadi biti 19,200 kwa sekunde, na kila herufi ilikula biti 10 ukijumlisha ya kuanzia na ya kumalizia. Hizo ni herufi 1,920 kwa sekunde. Zidisha 80 kwa 24 utapata 1,920 vilevile. Yaani mashine hiyo ikienda mbio zake zote ilihitaji sekunde moja kamili kujaza kioo chake. Teletype, kwa kazi hiyohiyo, ingechapa kwa zaidi ya dakika tatu.

Kuchora herufi kwenye VT100 hakukuwa na hesabu yoyote. Kila herufi ilikaa ndani ya kisanduku cha nukta 10 kwa 10, na umbo lake lilikuwa limehifadhiwa tangu kiwandani katika kumbukumbu ya kudumu. Fonti ilikuwa moja; uipende au usiipende, ndiyo hiyo. Kioo kizima kilikuwa na nukta 800 kwa 240, yaani 192,000. Sasa linganisha na skrini ya 4K iliyopo mezani kwa watu wengi: pikseli 3,840 kwa 2,160, karibu milioni 8.3. Kila pikseli ikichukua baiti nne, picha moja ya skrini ni megabaiti 33, na skrini inayojichora upya mara 60 kwa sekunde inadai karibu gigabaiti mbili kila sekunde, hata kama kilichobadilika ni herufi moja tu.

Tena herufi zenyewe si nukta za kiwandani tena. Fonti ya leo ni faili lenye mistari ya mviringo iliyoelezwa kihesabu. Ili herufi "a" ionekane, programu kama FreeType, ambayo David Turner alianza kuiandika mwaka 1996, inachukua ile mistari, inaikuza au kuipunguza kufikia ukubwa uliotakiwa, inafuata maelekezo ambayo mchoraji wa fonti ameyaacha humo ili miguu ya herufi isimame sawasawa juu ya pikseli, kisha inakokotoa kila pikseli ya ukingoni ipakwe rangi kwa kiasi gani. Kwa herufi moja ni kazi ndogo. Kwa herufi elfu kumi mara 60 kwa sekunde ni balaa.

Dawa yake inajulikana siku nyingi. Mchonga mihuri hachongi muhuri mpya kila barua inapofika mezani. Anauchonga mara moja, kisha anagonga. Terminali nzuri hufanya hivyohivyo: herufi ikijitokeza mara ya kwanza inachorwa kwa uangalifu wote, picha yake inawekwa kwenye karatasi moja kubwa ndani ya kumbukumbu ya kadi ya michoro, na kuanzia hapo kila inapohitajika inanakiliwa tu na kupakwa rangi. Maandishi ya kawaida hayana herufi nyingi. Ukihesabu kubwa na ndogo, tarakimu, alama za uandishi, kisha uongeze za wino mzito na za mlazo, utafika mia chache. Zote zinaenea kwenye picha moja ndogo.

Wazo hilo ndilo lililozua ugomvi mwaka 2021. Casey Muratori, mwandishi wa programu za michezo ya kompyuta, alilalamika kwamba Windows Terminal ya Microsoft inalegea mno kila herufi inapopewa rangi yake. Akajibiwa na mmoja wa wahandisi wa Microsoft kwamba anachokidai ni sawa na utafiti mzima wa shahada ya udaktari. Muratori akajifungia na kutoka na refterm, programu ndogo ya mfano iliyotumia mbinu ya kuhifadhi picha za herufi, nayo ikaiacha Windows Terminal mbali sana. Kwa haki, refterm haikuwa terminali kamili. Mengi ambayo mtumiaji anayategemea kila siku hayakuwemo, na mwenyewe alisema wazi kwamba ni mfano tu. Lakini kwa jambo lililokuwa likibishaniwa alikuwa sahihi, na kilichofuata kinathibitisha: Microsoft baadaye ikaandikiwa na Leonard Hecker injini mpya ya kuchora iitwayo AtlasEngine, inayosimama juu ya wazo hilohilo.

Kasi ya kumimina si ya kudharauliwa hata hivyo. Kati ya programu na terminali kuna bomba dogo ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Bomba likijaa kwa sababu terminali imezidiwa, programu inayoandika inasimamishwa mpaka nafasi ipatikane. Ndiyo maana kujenga mradi mkubwa wenye maelfu ya mistari ya taarifa kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi kwenye terminali nzito kuliko majibu hayohayo yakielekezwa kwenye faili. Prosesa ipo, diski ipo, lakini wote wanamsubiri mchoraji.

Hapo terminali zenye akili huacha kuchora. Skrini inabadilika mara 60 kwa sekunde. Katikati ya mabadiliko mawili zikipita mistari elfu tatu, ile ambayo haitaonekana haina haja ya kuchorwa. Inatosha kuisoma, kuiweka kwenye kumbukumbu ya kurudi nyuma, na kuchora hali ya mwisho. VT100 yenyewe ilikuwa na uchaguzi huu kwa namna yake. Kwenye umeme wa 60 Hz, ikiwekwa kusogeza mistari taratibu ilipandisha mistari sita tu kwa sekunde, mwendo mzuri wa kusoma, na kompyuta ikaambiwa isubiri. Ikiwekwa kuruka, iliruka. Kwa hiyo mwenye kujisifu kwamba terminali yake imemwaga megabaiti mia kwa kufumba na kufumbua, mara nyingi anasifu ustadi wa kutochora.

Sasa mbio za pili, ambazo kwangu ndizo zenye uzito. Mwaka 2015 Pavel Fatin alichapisha uchunguzi mrefu juu ya raha ya kuandika, akaambatanisha programu yake Typometer, inayobonyeza kitufe cha bandia na kuchungulia pikseli za skrini hadi herufi itokee. Mwaka 2017 Dan Luu akapima terminali kadhaa na kuonyesha kwamba kumimina kwa kasi hakumaanishi kuitika kwa kasi. Zilizong'ara kwa cat zilishindwa na nyingine zisizo na majigambo. Mwaka huohuo alipima kompyuta nzima, tangu kitufe hadi kioo, na iliyoongoza jedwali lake ni Apple IIe ya mwaka 1983, kwa milisekunde 30. Kompyuta nyingi za kisasa, zenye nguvu zisizolinganishika nayo, zilikuja nyuma yake kwa mbali.

Mwaka 2018 Antoine Beaupré alirudia kazi hiyo kwa terminali za Linux katika jarida la LWN, na miongoni mwa zilizofanya vizuri kuliko zote katika kuitika ilikuwa xterm. Hapa inafaa kusimama kidogo. Xterm ilianza kuandikwa mwaka 1984, kabla hata mfumo wa madirisha wa X haujapevuka, na tangu mwaka 1996 inatunzwa na Thomas Dickey. Ina menyu za kizamani na msimbo ambao watunzaji wenyewe hawausifu kwa uzuri. Iweje mzee huyu awashinde vijana?

Sababu ni kwamba kuchelewa mara nyingi kunatokana na kusubiri. Kitufe kinasubiri kompyuta iulize kibodi kama kuna jipya. Terminali inasubiri kidogo ikusanye maandishi mengi iyachore kwa pamoja. Kadi ya michoro inasubiri zamu ya skrini. Programu inayounganisha madirisha yote kuwa picha moja nayo inasubiri fremu inayofuata. Skrini ya 60 Hz ina fremu kila milisekunde 16.7, na kila tabaka linalosema "ngoja fremu ijayo" linaweza kuongeza hadi 16.7 nyingine. Xterm, kwa ushamba wake, hupata herufi na kuichora papo hapo. Haina mpango wa kukusanya, haina foleni ya kadi ya michoro.

GNOME Terminal ilikuwa mfano wa upande wa pili. Maktaba iliyo chini yake, VTE, kwa miaka mingi ilijiwekea kikomo cha kuchora mara 40 kwa sekunde, yaani mara moja kila milisekunde 25, hata kama skrini ingeweza zaidi. Ilikuwa hesabu ya busara enzi za prosesa dhaifu: chora kidogo, mimina sana. Toleo la mwaka 2024, lililokuja na GNOME 46, liliondoa kikomo hicho na kufuata mwendo wa skrini yenyewe. Ivan Molodetskikh alilipima kwa namna isiyoachia mwanya wa ubishi: kibao kidogo cha elektroniki kilichojifanya kibodi, na kihisi cha mwanga kilichobanwa kwenye kioo. Terminali za GNOME, zilizokuwa zikidhihakiwa kwa uzito, zilisogea karibu kabisa na Alacritty.

Na Alacritty ndiyo iliyoanzisha wimbi la terminali za kadi ya michoro. Joe Wilm aliitangaza Januari 2017, imeandikwa kwa lugha ya Rust na inachora kwa kadi ya michoro, akiinadi kuwa ya kasi kuliko zote duniani. Ikafuatwa na kitty ya Kovid Goyal na WezTerm ya Wez Furlong, na Desemba 2024 Ghostty ya Mitchell Hashimoto ikafika toleo la 1.0. Zote hutumia kadi ya michoro, na msomaji anaweza kudhani mjadala umefungwa. Haujafungwa. Iko terminali ya Linux iitwayo foot isiyotumia kadi hiyo kabisa. Inachora kwa prosesa, ila inakumbuka visanduku gani vimebadilika na kugusa hivyo tu. Kwa mtu anayeandika amri, kilichobadilika ni kisanduku kimoja au viwili, na kuiamsha kadi nzima ya michoro kwa ajili ya herufi moja ni gharama isiyo na sababu.

Uzuri wa herufi una historia yake ya pembeni. Mwaka 1998 Microsoft ilitangaza ClearType, mbinu inayotumia ukweli kwamba kila pikseli ya skrini bapa ina vijistari vitatu, chekundu, kijani na buluu. Ukiviongoza kimoja kimoja unapata ncha kali zaidi upande wa mlalo. Upande wa FreeType, sehemu inayofuata maelekezo ya fonti za TrueType ilikaa imezimwa kwa miaka kwa sababu ya hataza, hadi zilipokwisha muda wake mwaka 2010. Apple nayo mwaka 2018, katika macOS Mojave, iliacha ile mbinu ya vijistari kama chaguo la kawaida, kwa kuwa skrini zake zilishakuwa na pikseli ndogo kiasi kwamba jicho halioni ngazi za ukingoni. Aliyebaki na skrini ya kawaida aliona tofauti, na hakuifurahia.

Ukisikia mtu akilalamika kwamba fonti yake ni nyembamba kwenye terminali moja na nene kwenye nyingine, ilhali fonti ni ileile na ukubwa uleule, mara nyingi chanzo ni namna ya kuchanganya rangi za ukingoni. Namba za rangi kwenye kompyuta haziendi sambamba na mwanga halisi. Programu ikichanganya namba bila kujali hilo, maandishi meusi juu ya weupe hunenepa, na meupe juu ya weusi hukonda. Kwa kuwa wengi wetu hutumia terminali nyeusi, tunakutana na ule upande wa kukonda. Kitty na Ghostty zina mipangilio ya kurekebisha hili, na kwa maoni yangu mpangilio huo unaleta nafuu ya macho kuliko tofauti ya milisekunde tatu ambayo watu huigombania.

Kisha kuna visanduku. Terminali bado inaamini, kama VT100, kwamba kila herufi ina kisanduku kimoja na visanduku vyote ni sawa. Imani hiyo ndiyo inayorahisisha mbio, na ndiyo inayoleta aibu. Alama zinazoungana, kama mshale ambao fonti ya Fira Code hutengeneza kutokana na kistari na alama ya kubwa-kuliko, hulazimisha terminali iangalie visanduku kadhaa kwa pamoja. Kitty imekubali gharama hiyo, Alacritty imeikataa. Emoji ya familia ni herufi kadhaa za Unicode zilizoshikamanishwa, na mara nyingi programu inaihesabu visanduku viwili huku terminali ikihesabu sita, ndipo unapoona kishale kimepotea njia.

Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina shida hata chembe hapa. Hakina vitone wala vikofia, na hata "ng'" inahitaji alama moja ya juu ambayo VT100 ilikuwa nayo. Barua pepe ya Kiswahili ingesomeka kwenye mashine ya mwaka 1978 bila kupoteza nukta. Lakini Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi huko Lamu, Pate na Mombasa, na anayeshughulikia maandishi hayo kwenye kompyuta anaijua taabu yake. Herufi ya Kiarabu hubadili umbo kulingana na majirani zake, na mstari huenda kutoka kulia. Terminali nyingi huzipanga herufi hizo kutoka kushoto, zimeachana, kila moja peke yake kisandukuni. Mlterm na Konsole zilijali mapema. VTE ilipata uwezo wa kuandika pande zote mbili mwaka 2019 kutokana na kazi ya Egmont Koblinger. Hata mwelekeo ukiwa sahihi, hati iliyozaliwa kupanuka na kubanwa inakaa vibaya kwenye visanduku vya upana mmoja. Hakuna jedwali la kasi linaloweka alama kwa jambo hili.

Na kwa anayefanya kazi Nairobi au Dar es Salaam huku seva yake iko Ulaya, milisekunde za terminali zina mpinzani mkubwa zaidi. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari wa moja kwa moja. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 68, na nyaya za baharini huzunguka mbali zaidi ya hapo. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika pwani yetu mwaka 2009, njia ilikuwa setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta: herufi inapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha. Kwa hali hiyo kubishana kuhusu xterm na Alacritty ni kujisumbua bure. Kinachosaidia ni Mosh, programu iliyotoka MIT mwaka 2012 kwa mikono ya Keith Winstein na wenzake. Inabashiri herufi uliyobonyeza itaonekanaje na kuichora hapohapo upande wako, na mtandao ukiwa mzito inaipigia mstari chini hadi seva itakapothibitisha.

Anayetaka kupima ya kwake hahitaji kihisi cha mwanga. Simu nyingi zinarekodi video ya mwendo wa pole kwa fremu 240 kwa sekunde, yaani fremu moja kila milisekunde 4.2. Irekodi kibodi na skrini kwa pamoja, bonyeza kitufe, kisha hesabu fremu kuanzia kitufe kinapogota hadi herufi inapotokea. Zikiwa 20, hizo ni karibu milisekunde 83, na hakuna terminali inayoweza kuzila zote peke yake. Zima kwanza madoido ya madirisha upime tena, badilisha skrini kama una nyingine, kisha kibodi. Fungua xterm kando ya ile unayoipenda uone zinaachana kwa fremu ngapi. Zikiachana kwa mbili tu, baki na ile yenye fonti inayokuridhisha.